Kabla hujaitupa hiyo mashine, ongeza RAM kwanza

Najua nimepotea, mtanisamehe, asaimenti zimenibana. Leo nina hoja moja tu, naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnirushie mawe.

Hoja yenyewe: sisi tunaosomea ualimu hatuna sababu ya kumaliza chuo bila kujua kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani. Ndiyo, hata wewe wa Kiswahili na Historia.

Wengi wetu tuliopanga huku Buguruni, tunaokimbilia DUCE kila asubuhi, tuna mashine za mtumba zilizoshuka na makontena na kupitia Kariakoo. Ni mashine nzuri tu. Shida ni kwamba nyingi zina RAM ya GB 2 au 4. Fungua Chrome, Word na PDF mbili za lekcha, inaganda. Basi mtu anatangaza "mashine imekufa" na kuanza kumpigia mjomba simu. Jamani, haijakufa, imebanwa! RAM ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. Meza ikijaa, mashine inahamisha vitu kwenda kabatini na kuvirudisha, kila dakika, ndiyo maana inasuasua.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, angalia palipoandikwa Memory. Ikiwa asilimia 90 na hujafanya la maana, jibu umepata. Lakini memori ikiwa chini na diski ndiyo imefika 100, RAM haitakuponya, tafuta SSD.

Kazi ipo kwenye kununua. RAM ya DDR3 ina vimeno 240 ukihesabu pande zote mbili, DDR4 ina 288. DDR2 nayo ina 240, ila lile pengo la katikati limekaa pengine, kwa hiyo haiingii kwenye sloti ya DDR3. Za laptop ni fupi. Zinazolaza watu na viatu ni za seva: baadhi zinafanana kabisa na za kawaida kwa macho, zinaingia kwenye sloti, lakini mashine ya nyumbani haiwaki. Dawa ni kung'oa ya kwako, kwenda nayo Kariakoo, na kudai ijaribiwe hapohapo kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji akinuna, duka la pili liko hatua tatu.

Bei sitaji, zinabadilika. Mwaka 2025 RAM zilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya RAM za Crucial kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo ndugu zangu, DDR3 ya mtumba iliyo nzima usiidharau.

Kufunga kwenyewe hakumalizi hata dakika kumi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Fungua ubavu, gusa bati la kasha ili umeme wa mwilini usiende kwenye chipu. Vumbi la Buguruni mnalijua, pitisha brashi laini. Fungua vibanio, linganisha pengo, kandamiza pande zote mbili mpaka usikie "ka!". Isipoingia usilazimishe, umeigeuza au siyo yake. Ikiwashwa ikalia bip bip bila picha, toa, sugua vimeno taratibu kwa ufutio wa penseli, rudisha.

Ni hayo tu. Sasa kwa nini naliita suala la walimu? Shule niliyofanyia TP (jina naliweka kapuni) ina chumba cha kompyuta. Mashine zimefunikwa vitambaa, safi, kufuli mlangoni. Wanafunzi wanachora kibodi ubaoni! Nilipouliza nikaambiwa mbovu, zinasubiri fundi kutoka mjini. Tangu lini? Hakuna aliyekumbuka. Sina uhakika zote zilihitaji RAM tu, ila hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa kuangaliwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Vizuri sana. Lakini mashine ikifika Form Two ya huko ndani ndani, wa kuigusa ni nani kama siyo mimi na wewe?

Kuna rafiki yangu ananibishia kwamba tunawanyang'anya mafundi riziki. Sikubali. Fundi mwenye ujuzi wa kuchomelea madabodi nitamlipa kwa heshima zote. Ninayemkataa ni yule anayepeleka mashine nyuma ya pazia, anachomeka kitu cha dakika tano, halafu anakutajia bei ya upasuaji.

Na msinielewe vibaya, RAM haifanyi mashine kuwa mpya. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu nyingi hazipokei Windows 11 hata ukizijaza RAM. Hapo Linux inahusika, tutabishana siku nyingine.

Jumamosi mchana nipo geto. Mwenye mashine inayokohoa ailete, ila aje na bisibisi ya nyota, yangu imeazimwa tangu mwezi uliopita na aliyeiazima anasoma hapa.