Gari la Babu: Kagua Haya Kabla Hujapakia Watoto

Mzee akiacha Volkswagen ya mgongo wa kobe au Morris Minor, wanafamilia huanza kubishana kuhusu gharama za kulifufua. Kama gari hilo litapeleka watoto shule kutoka Kimara, au likizo ya Juni kwenda Njombe, afya na usalama wao vitangulie.

Magari haya ni ya rika moja. Morris Minor lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948 na uzalishaji ukakoma mwaka 1971. Volkswagen liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003 nchini Mexico, likapita magari milioni 21. Kwa ugumu lina jina: lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Lakini gari gumu si lazima liwe salama kwa abiria.

Tofauti kubwa ni hewa ya ndani. Injini ya Volkswagen iko nyuma, haina rejeta. Kipasha joto chake huingiza ndani hewa iliyopita kuzunguka mabomba ya moshi. Mabomba yakitobolewa na kutu, gesi ya kaboni monoksaidi huingia pamoja na joto. Haina rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mzazi anaweza kudhani mtoto amechafuliwa na safari tu. Dar ni nadra mtu kuwasha kipasha joto, ila kwenye baridi ya Njombe atawasha. Abiria zaidi ya mmoja wakilalamika kichwa, simamisha gari, zima injini, wote washuke wapate hewa safi, kisha wawahishwe hospitali.

Betri ya Volkswagen nayo iko chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikibonyea na kugusa vichwa vyake, moto unaweza kuwaka. Fundi aweke kifuniko.

Morris Minor hupasha joto kwa maji ya injini, hivyo hatari ya gesi ni ndogo zaidi, ingawa sakafu iliyotoboka huingiza moshi katika gari lolote. Udhaifu wake uko mbele: kiungo cha chini cha gurudumu kisipopata grisi mara kwa mara huchakaa, hata kuachia, na gurudumu likalala. Kwenye makorongo ya barabara za mtaani, hilo si jambo la kupuuza.

Mengi ya magari haya yalitoka kiwandani bila mikanda. Ifungwe, lakini kwenye bodi imara. Mkanda uliofungwa kwenye chuma kilicholiwa na kutu hauokoi mtu. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele.

Fedha zikiwa haba, anza na kutu ya sakafu, bomba la moshi, breki, kisha mikanda. Rangi isubiri. Hadi hapo, watoto waendelee kupanda mwendokasi.