Waya za Meno Si Urembo

Kuna neno moja linalotumiwa ovyo katika ofisi za bima, katika vijiwe vya kahawa, na hata katika sebule za watu waliosoma. Neno hilo ni urembo. Mtu mzima akionekana amefungwa waya za meno, watu hukonyezana na hukumu hutolewa pale pale: huyu anatafuta urembo. Akiwa kijana, husamehewa. Akiwa mwanamke wa miaka arobaini, huulizwa kama ana mpango wa kuolewa upya. Akiwa mzee mstaafu kama mimi, huambiwa kwamba amerudi utotoni. Mzaha huo ningeweza kuuvumilia, maana mwalimu aliyezoea kuchekwa na wanachuo hafi kwa mzaha. Ninachokipinga ni kwamba neno hilo limeingia katika mafaili, na humo ndilo linaloamua nani atatibiwa na nani ataachwa kinywa chake kiharibike.

Kwanza niulize: ni urembo wa nani? Sisi tuliokulia katika lugha hii tunajua kwamba mwanya ni sifa. Mwanamke mwenye mwanya ameimbwa na kusifiwa tangu zamani, na hakuna aliyempeleka kwa daktari auzibe. Kama watu wazima wa kwetu wangekuwa wanatafuta uzuri tu, wengi wao wangemwomba daktari awaachie mwanya wao. Anayekubali kufungwa chuma kinywani kwa karibu miaka miwili, kula uji siku za mwanzo, na kupiga mswaki kila baada ya mlo, mara nyingi amesukumwa na jambo zito kuliko kioo.

Jambo hilo ni hili. Jino halikukaa katika taya kama msumari uliogongwa katika ubao. Limeshikiliwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi laini zilizo hai, na hukaa mahali pake kwa kuwa limezungukwa na wenzake: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mwenzake wa taya la pili anayekutana naye wakati wa kutafuna. Ukiling'oa moja, majirani huanza kulala kuelekea pengo, na lile la taya la pili, kwa kukosa wa kukutana naye, hujitokeza polepole kutoka katika ufizi. Yakiondoka magego kadhaa, kazi ya kusaga chakula huangukia meno ya mbele, ambayo hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Nayo, hasa kama fizi zimeshadhoofika, husukumwa nje, hutawanyika, na huanza kulegea.

Haya sikuyapata vitabuni tu. Kati ya mwaka 1974 na 1991 niling'olewa magego matano katika vituo mbalimbali vya tiba, kwa sababu kung'oa ndiko kulikokuwa tiba pekee niliyopewa. Nilipofika miaka 66, meno yangu ya mbele ya juu yalikuwa yametoka nje, na yale ya chini yalikuwa yakichoma kaakaa kila nilipofumba kinywa. Kidonda kilikuwa hakiponi. Daktari wa meno akanieleza hatua tatu: kutibu fizi na kuondoa ugaga, kisha kuyarudisha meno ya mbele nyuma kwa waya, kisha kuweka magego ya bandia, ambayo wakati ule yasingeweza kuwekwa kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imeshaliwa. Mfuko wa bima niliokuwa nimeuchangia miaka mingi ukakubali hatua ya kwanza, na katika hatua ya pili ukaandika neno moja: urembo. Nilipouliza ni nini basi ambacho ungekilipia, nikajibiwa kwamba ungelipia kung'oa meno ya mbele.

Msomaji na aitafakari hoja hiyo. Kuondoa meno manne ya mtu ni tiba. Kuyaokoa meno yale yale ni anasa. Ingekuwa ni mguu, je, tungekubali mfuko ulipie kukatwa kwake na kukataa kulipia plasta ya kuunga mfupa? Nililipa mwenyewe, kwa awamu, kutoka katika pensheni, na kazi yote ikachukua miezi 22. Lakini wako wengi ambao pensheni yao haitoshi hata nauli ya kumfikia daktari wa namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kwa mtu mzima wakati umepita, kwamba mti hukunjwa ungali mbichi. Methali hiyo ni njema katika malezi, lakini haifai katika elimu ya mifupa. Waya inapolibana jino, upande unaosukumwa mfupa humomonyolewa kidogo kidogo na chembe hai za mwili, na upande ulioachwa nyuma mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo haikomi mtu anapofika miaka ishirini. Ndiyo sababu mfupa wa mzee uliovunjika huunga, ijapokuwa kwa kuchelewa. Kinachomzuia mtu mzima si idadi ya miaka yake, ni hali ya fizi na mfupa wake. Mwenye fizi zinazotoka usaha, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, atibiwe hayo kwanza, maana kuyavuta meno yaliyo katika fizi gonjwa ni kuharakisha kuanguka kwake. Na baada ya waya kutolewa hapana budi kuvaa kishikizo, la sivyo meno hurudi yalikotoka. Hayo ni masharti ya tiba, kama zilivyo tiba nyingine zote zenye masharti.

Wapo pia wanaosema kwamba babu zetu waliishi bila waya. Ni kweli. Lakini babu zetu walitafuna vyakula vigumu, na wachunguzi wa mafuvu ya kale wanatueleza kwamba taya zao zilikuwa pana na meno yao hayakubanana kama yetu. Hawakulelewa kwa mkate laini, soda na biskuti. Tena si kweli kwamba hawakuyagusa meno. Wamakonde waliyachonga. Wamasai waling'oa meno ya mbele ya chini, na mojawapo ya sababu walizozitoa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zake zikifunga, aweze kunyweshwa maziwa kupitia pengo hilo. Hata kama leo hatuifuati desturi hiyo, iliwekwa na watu waliojua kwamba kinywa ni mlango wa uhai. Hao hatuwezi kuwaita mashahidi wa kupinga tiba ya meno.

Hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini. Nchi yenye malaria, akina mama wanaofariki katika uzazi, na zahanati zisizo na dawa, itawezaje kulipia waya ambazo gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi? Naiheshimu hoja hii, wala siombi kila mwenye jino lililopinda alipiwe. Atakaye kunyoosha jino moja ili apendeze katika picha ya harusi, na ajilipie, wala nisimcheke. Naomba tu tutenganishe haja na matakwa, na chombo cha kutenganishia kipo. Mwaka 1989 wataalamu wa Uingereza walitunga kipimo cha ngazi 5 cha kupimia haja ya kupangwa meno. Ngazi ya 1 na ya 2 haja ni ndogo au haipo kabisa. Ya 3 iko mpakani. Ya 4 na ya 5 haja ni kubwa. Meno ya chini yanayojeruhi kaakaa yamewekwa katika ngazi ya 4. Watu waliozaliwa na mdomo uliopasuka pamoja na kaakaa wamo katika ngazi ya 5. Kwa hiyo karani asiyewahi kuchungulia kinywa cha mtu hana haja ya kubahatisha.

Na tukihesabu fedha, tuzihesabu zote. Kuna gharama ya kung'oa, ya dawa za kidonda kila baada ya miezi michache, ya meno ya bandia yasiyokaa, na ya tumbo la mtu anayemeza chakula bila kukitafuna vizuri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Maradhi yanayogusa karibu nusu ya binadamu hayawezi kuwekwa katika fungu moja na rangi ya kucha.

Niongeze neno kama mwalimu wa walimu. Katika chuo tuliwafundisha wanachuo kwamba f na v hutamkwa mdomo wa chini unapogusa meno ya juu, na kwamba th na dh huhitaji ncha ya ulimi na meno. Mwalimu ambaye meno yake ya mbele yametawanyika au yametoweka huwafundisha watoto arobaini au themanini kusema dhahabu na thamani bila chombo cha kazi. Tunamnunulia chaki, kisha tunakiita kinywa chake pambo.

Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Jina hilo ni zuri, na mtihani wake utakuwa katika mambo madogo kama haya. Wenye mamlaka wanaweza kufanya mambo matatu. Neno urembo lisiandikwe juu ya fomu ya mgonjwa ila na daktari wa meno aliyempima. Haja ipimwe kwa ngazi zinazojulikana, na mwenye haja kubwa asikataliwe kwa sababu ya umri. Na mfuko wowote ulio tayari kulipia kung'oa jino ulazimike kueleza, kwa maandishi, kwa nini hauko tayari kulipia kulihifadhi. Hilo la tatu halitaligharimu taifa hata senti moja, nami ningependa sana kuyasoma majibu yake.