Mpiga besi kabadili pikapu, mashabiki wamenuna. Kwani nani alianza?

Wadau wa muziki wa dansi, ubuyu wa wiki hii haumhusu muimbaji wala mnenguaji. Unamhusu jamaa anayesimama nyuma kabisa, jirani na drams, ambaye siku zote hakuna anayemposti: mpiga besi wa bendi moja kubwa ya hapa Dar. Jina liachwe tu, wanaoenda ukumbini Jumamosi wameshamjua.

Jamaa kabadili pikapu za gitaa. Kwa ambaye hajawahi kushika gitaa, hii siyo ile pikapu ya kubebea mchanga. Ni kile kidude cheusi kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye ule waya, unapita kwenye kebo, unafika kwenye amplifaya na kutoka kama mdundo. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, sauti inakuwa kubwa na nzito, ila makali ya juu yanapungua. Yaani ukigusa hicho kidude umegusa koo la gitaa.

Na lile gitaa lina watu wake. Ni Jazz Bass ya zamani, aina ambayo Fender waliitoa mwaka 1960, ya pikapu mbili. Mzee mmoja aliipigia bendi ileile kwa miaka mingi, na alipostaafu akamkabidhi kijana mbele ya wanamuziki wote. Mashabiki wa siku nyingi wanaujua ule mdundo wakiwa bado getini, hata kiingilio hawajalipa. Mnene, wa mviringo, hauna haraka. Sasa jamaa katia pikapu mpya, na ndani ya gitaa katia saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9. Mdundo umekuwa wa kung'ata, kama vile unabonyezwa kwenye kompyuta. Sebene ikianza watu wanatazamana.

Mtandaoni ndiyo usiseme. Wengine eti kaua bendi, wengine eti wazee wanazingua, dunia inasonga. Hakuna anayeuliza kwa nini alibadili.

Sababu ni komenti, bana. Kila bendi ikiposti klipu, vijana wanashuka: "besi haisikiki", "mpiga besi kalala", na zile emoji za kusinzia. Jamaa alikuwa anazisoma zote. Sasa tulia kidogo hapa. Uzi mnene kuliko wote kwenye besi, ukipigwa wazi, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, kale kadude kaliko ukingoni, haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Ukisikia besi kwenye simu, unasikia zile sauti za juujuu za uzi, siyo mdundo wenyewe. Na ile besi ya mzee hizo sauti za juujuu ilikuwa nazo chache. Ndiyo maana ukumbini ilikuwa inatetemesha glasi mezani, na kwenye simu ilikuwa haipo. Watu waliolala kitandani na simu kifuani ndio waliomfundisha kazi mtu anayepigia ukumbi wa watu wamesimama! Wengi wa hao hao leo ndio wanaolia kwamba ladha imepotea.

Kubadili gitaa siyo dhambi hata kidogo. Marcus Miller, Mmarekani yule wa kuchapa nyuzi kwa dole gumba, Jazz Bass yake ni ya mwaka 1977, na fundi Roger Sadowsky wa New York aliifungua na kuitia saketi ya kukuza sauti. Dunia nzima ikaipenda ile sauti. Ila na upande wa pili upo: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo kibao za Motown, alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa ambazo habadilishi mpaka zikatike, na anapiga kwa kidole kimoja. Mwenye mdundo alikuwa yeye.

Alipokosea jamaa ni kwenye mpangilio. Alianza na patasi. Pikapu mpya ni pana kuliko zile za zamani, ikabidi mbao ichongwe, na betri nayo ikachimbiwa shimo lake kwa nyuma. Wakati vitu vya bei ndogo vilikuwepo na vyote vinarudishika. Nyuzi mpya za mviringo peke yake zinaleta makali. Skrubu za pikapu zipo, unaipandisha karibu na nyuzi au unaishusha, bisibisi tu (ukipandisha kupita kiasi sumaku zinavuta uzi na noti inayumba, kwa hiyo taratibu). Na zile pikapu mbili kwa kawaida zimeunganishwa sambamba. Ukiziunganisha kwa mfuatano, sauti inaongezeka na katikati kunajaa, kazi ya swichi moja na risasi kidogo ya kuchomea. Na kama shida ni klipu tu, fundi mitambo angechukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa na kuipandisha besi kwenye video. Gitaa lisingeguswa.

Ile betri nayo imeshamtia aibu. Kwenye magitaa mengi ya aina hiyo saketi inawaka ukichomeka kebo tu. Jamaa kaacha kebo imechomekwa mchana kutwa baada ya mazoezi, usiku katikati ya sebene besi ikaanza kukoroma, ikazima. Drams na solo wakabaki wanatafutana.

Mkurugenzi wa bendi sasa kamsimamisha, na hapo ndipo uonevu ulipo. Klipu zilipokuwa zinaambiwa besi imelala, huyo huyo mkurugenzi ndiye aliyekuwa anamfokea mazoezini na kumuonyesha simu. Kijana katoa hela yake ya mfukoni kumridhisha bosi na mashabiki, leo hana show, na kodi ya chumba haijui habari za sebene. Kama kuna adhabu, basi igawanywe.

Habari njema ni kwamba mzee hajanuna. Wanaomjua wanasema alichouliza ni kimoja tu, zile pikapu za zamani ziko wapi. Na hapo ndipo kijana alipoinamisha kichwa, maana alimwachia fundi, na fundi kaziuza kwa mtu wa Morogoro. Kumbe mbao ikichongwa bado unaweza kuziba na kuweka kibati, pikapu zikarudi mahali pake. Muhimu zipatikane.

Sasa wa Moro, kama kuna mtu kauziwa pikapu mbili za Jazz Bass ya kizamani, moja ina mkwaruzo mrefu juu ya kifuniko, andika hapo chini. Jamaa yuko tayari kupanda basi hata kesho asubuhi.