Mliopokea Fedha za Michezo Isiyokamilika, Fungueni Sanduku

Vijana wa hapa kwetu Kibati, karibu na Goma, wana lalamiko ambalo wazee wengi hulipuuza kwa sababu linahusu michezo. Kijana ananunua mchezo wa video ambao mtengenezaji mwenyewe anakiri kuwa haujakwisha. Anaambiwa sehemu zilizobaki zitafuata, naye anakubali kungoja. Mwaka unapita, unaingia mwingine. Mtengenezaji aliyekuwa akitoa habari kila wiki sasa anatoa mara moja kwa msimu, halafu hasikiki kabisa. Mzazi akisimuliwa hayo husema: si michezo tu hiyo? Wazazi wenzangu, naomba tusiwajibu hivyo. Fedha ile ilitoka kwenye mizigo ya chukudu (ile baiskeli ya mbao), kwenye kazi ya kuchaji simu za watu, kwenye likizo nzima ya kubeba mawe ya volkano mahali pa ujenzi. Aliyeipokea ana deni kwa mtoto wako kama mdeni mwingine yeyote, hata kama anaishi Seattle na wala hajui Kibati iko upande gani wa volkano ya Nyiragongo.

Biashara hii haikuanza kwa ubaya. Mwaka 2009 Markus Persson wa Sweden alianza kuuza Minecraft ikiwa bado changa, kwa bei nafuu, na wanunuzi wa mwanzo wakapata matoleo yaliyofuata bila kuongeza senti. Toleo kamili likatoka Novemba 2011. Mtu mmoja asiye na mtaji alipata mtaji kutoka kwa wachezaji wenyewe, nao wakaona mchezo ukikua mbele ya macho yao. Wengi waliutamani mfano huo. Machi 2013 Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta lililo mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, likafungua rasmi mlango wa kuuzia michezo isiyokamilika. Tangu hapo wamepita humo waaminifu na wasio waaminifu, na mteja analipa kabla hajajua yupi ni yupi.

Tazameni yaliyotokea. DayZ iliingia sokoni Desemba 2013 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja ndani ya wiki nne. Haukupita muda mrefu, Dean Hall aliyeibuni akatangaza kwamba ataondoka, na mchezo ukatangazwa kuwa umekamilika Desemba 2018, miaka mitano baada ya fedha kupokelewa. Star Citizen ya Chris Roberts ilianza kuchangisha Oktoba 2012 kwa ahadi ya kutoka mwaka 2014. Michango imepita dola milioni 700, na hadi leo hakuna toleo linaloitwa kamili. Kerbal Space Program 2 ilianza kuuzwa Februari 2023 kwa karibu dola 50, bei ya kitu kilichokwisha. Mwaka uliofuata studio iliyokuwa ikiitengeneza ikafungwa, na mchezo wenyewe ukaachwa dukani ukiendelea kuuzwa. The Day Before ilitoka tarehe 7 Desemba 2023, na siku nne baadaye kampuni yake, Fntastic, ikatangaza kufunga. Wanunuzi wa mchezo huo wa mwisho angalau walirudishiwa fedha. Wale wa Kerbal, waliokuwa wameshaucheza na kungoja mwaka mzima, waliambulia ukimya.

Mtetezi wa biashara hii atasema mnunuzi alionywa. Ni kweli, Steam huandika kwenye ukurasa wa kila mchezo wa namna hii kwamba haujakamilika, kwamba huenda usibadilike tena, na kwamba asiyefurahia hali yake ya sasa afadhali asubiri. Lakini teremsha macho kidogo kwenye ukurasa huohuo. Utakuta picha za miji ambayo bado haijajengwa, ramani ya mambo yatakayokuja, orodha ya silaha, magari na sayari zijazo. Anayemvuta mteja kwa picha za kesho hana haki ya kujificha nyuma ya onyo la leo. Kama anauza kilichopo, aonyeshe kilichopo peke yake na atoze bei yake. Kama anauza kijacho, basi ameahidi, na ahadi ni deni.

Sasa njooni tuliangalie jambo hili kutoka hapa tulipo, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, maana wanaotunga kanuni hawatufikirii. Tangu Juni 2015 Steam inamrudishia fedha mnunuzi asiyeridhika kwa masharti mawili: asiwe amepitisha siku 14 tangu alipolipa, na asiwe amecheza zaidi ya saa mbili. Kwa mtu wa Brussels hiyo ni nafasi ya kutosha kuujaribu mchezo. Kwa kijana wa Kibati, siku zinaanza kuhesabiwa kabla hajauona. Mchezo mkubwa wa siku hizi unakula makumi ya gigabaiti, na mwingine, kama Baldur's Gate 3, unataka nafasi ya gigabaiti 150. Yeye ananunua mega za mtandao kidogokidogo na kupakua usiku mtandao ukiwa na nguvu. Umeme nao una mambo yake. Unaotoka kituo cha Matebe huko Rutshuru, kilichozinduliwa Desemba 2015, husafiri kwa nyaya hadi Goma, na mapigano yamezikata nyaya hizo zaidi ya mara moja. Zikikatika, wiki nzima inaweza kuisha mchezo haujafika hata nusu. Siku 14 zinamalizika kijana hajabonyeza hata kitufe kimoja.

Na akifanikiwa kurudishiwa, fedha zinarudi wapi? Zinarudi kwenye akaunti yake ya humohumo dukani, au kwenye kadi iliyolipia. Wangapi hapa wana kadi ya benki kwa jina lao? Kijana hulipia kwa kadi ya mjomba aliye ng'ambo, au ya mtu wa mjini anayepokea kwa Airtel Money na kukata chake. Tangu Januari 2025 benki nyingi za Goma zilipofunga milango, njia hizo za kuzunguka ndizo zilizobaki kwa walio wengi. Kwa hiyo mwenye kadi anarudishiwa, mwenye jasho anaanza kumtafuta mwenye kadi.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa. Mchezo ambao haujakwisha hubadilishwa mara kwa mara, na kila toleo jipya hupakuliwa upya. Mchezaji wa hapa analipa bei ya mchezo mara moja, kisha analipia mega za kila marekebisho, hata marekebisho ya makosa ambayo si yake. Wakati mwingine toleo jipya linafuta maendeleo yote aliyoyahifadhi, anaanza upya kama mgeni. Amekuwa mjaribu bidhaa wa kampuni ya kigeni, tena mjaribu anayelipa ili afanye kazi hiyo. Ninapofikiria hilo nakasirika, wala sioni kwa nini nifiche hasira yangu.

Asiseme mtu kwamba sisi tuko mbali na mambo haya. Machimbo ya Rubaya, hapo Masisi, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na tantali yake huingia ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Jiwe letu linafika kiwandani likiwa limekamilika, nasi tusikubali kuambiwa kuwa kudai kitu kilichokamilika ni ulafi.

Lakini tudai nini hasa? Hapa ndipo natofautiana na vijana wengi ninaozungumza nao. Wao husema kosa la watengenezaji ni kuchelewa. Mimi nasema kuchelewa si kosa. Anayebuni kitu ambacho hakijawahi kuwapo hawezi kujua kwa uhakika kitakwisha lini, na anayetaja tarehe kamili mara nyingi anabahatisha. Kosa ni kukaa na fedha za watu bila kuwapa hesabu. Sisi wa Nyiragongo tunalijua somo hili kwa sababu ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita AVEC. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na halifunguliwi ila siku ya kikao, mbele ya wanachama wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Mama aliyekopa na kushindwa kulipa husimama akaeleza: mtoto aliugua, au mzigo wa viazi ulipotea njiani watu walipokimbia. Kikao humwongezea muda, au humtoza faini ndogo, na maisha yanaendelea. Anayekivunja kikundi ni yule asiyekuja kikaoni na ambaye simu yake haipokelewi. Vikundi hivi vimepita kwenye vita na kwenye moto wa volkano wa Mei 2021, watu wakarudi kutoka Sake na Gisenyi wakiulizana kwanza sanduku liko kwa nani.

Basi hicho ndicho cha kudai kwa kila anayeuza mchezo usiokamilika: awe na siku ya kikao inayojulikana. Siku hiyo aseme kilichokamilika, kilichoshindikana, kilichoondolewa kwenye mpango na sababu yake, mafundi wangapi bado wako kazini, na fedha zilizopo zitawafikisha mwezi gani. Habari hizo mbili za mwisho ndizo huwa wanazificha, nazo ndizo mnunuzi anazihitaji kuliko picha zote.

Wapo wanaofanya karibu na hivyo. Larian ya Ubelgiji ilianza kuuza Baldur's Gate 3 Oktoba 2020 ikasema wazi kwamba kinachouzwa ni sehemu ya kwanza tu ya hadithi, na kwamba aliyehifadhi maendeleo yake asitarajie kuyakuta kwenye toleo kamili. Ilichelewa kuliko ilivyokadiria. Hata hivyo marekebisho yaliendelea kuja, na Agosti 2023 mchezo mzima ukafika kwa wanunuzi wale wale bila kuongeza bei. Na kwa wanaodhani uaminifu wa namna hii ni wa matajiri wa Ulaya peke yao, kuna Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ya Olivier Madiba. Mwaka 2015 iliomba michango ya umma ili imalizie mchezo wake, Aurion: Legacy of the Kori-Odan, na Aprili 2016 mchezo ukawa sokoni. Studio ya Afrika ya Kati ilipokea fedha za wasioijua, ikamaliza kazi.

Duka nalo lisijifanye mtazamaji. Kwa kawaida Steam hukata asilimia 30 ya kila mauzo, yawe ya mchezo uliokwisha au ambao hautakwisha kamwe. Mwaka 2025 ilianza kuweka taarifa kwenye kurasa za michezo iliyokaa muda mrefu bila kuguswa, ili mnunuzi ajue. Ni hatua njema, ila inamsaidia anayekuja, haimsaidii aliyekwisha kulipa. Saa mbili za majaribio zinafaa bidhaa iliyokamilika, kwa kuwa kasoro zake zinaonekana mapema. Kasoro ya mchezo usiokamilika huonekana baada ya mwaka, pale mafundi wanapoondoka kimyakimya. Valve izuie sehemu ya fedha za michezo hii, iwe inamfikia mtengenezaji kwa kadiri kazi inavyosonga, na akiitupa kazi, kilichozuiwa kirudi kwa wanunuzi. Kwa nchi zenye mtandao mgumu, siku 14 zihesabiwe tangu mchezo ulipofunguliwa mara ya kwanza. Kompyuta za Valve zinaijua saa hiyo, maana ndizo zinazohesabu zile saa mbili.

Nanyi vijana, nina maneno kwenu, tena ya mapenzi. Kabla hujatuma fedha, angalia tarehe ya marekebisho ya mwisho na usome maoni ya mwezi huu, usisome ya siku mchezo ulipotoka ambapo kila mtu alikuwa na furaha. Soma majibu ya mtengenezaji kwa maswali ambayo Steam humtaka ayajibu: kwa nini anauza sasa, anafikiri itachukua muda gani, na bei itabadilika vipi. Kisha jiulize kama utaridhika iwapo mtengenezaji ataacha kazi kesho asubuhi. Jibu likiwa hapana, fedha hiyo ikae, au iingie kwenye ada ya mdogo wako. Na ukidhulumiwa, andika maoni yako kwenye ukurasa wa mchezo kwa adabu na kwa ushahidi, ili mwenzako wa Kanyaruchinya au wa Bukavu asiangukie shimo hilohilo. Kuwatukana mafundi na kuwatishia maisha, kama wanavyofanya wachezaji wengi duniani, ni dhambi, tena mara nyingi kunamwangukia mfanyakazi wa chini aliyefukuzwa kazi siku ileile uliyokasirika.

Najua wapo baina yenu wanaojifunza kuandika programu Goma, wakiazimana kompyuta, na wanaota kutengeneza mchezo wa kwao wenye chukudu na barabara ya kupanda Nyiragongo inayoanzia hapa hapa Kibati. Mtahitaji fedha za watu kabla kazi haijaisha, na nawaombea mzipate. Siku ya kwanza ya kupokea, wekeni daftari ambalo kila aliyelipa anaweza kulisoma. Uzeni kilichopo kwa bei ya kilichopo. Mkichelewa, semeni mapema. Na vita au ugonjwa ukiwazidi mkaona hamtamaliza, msingoje hadi mtandao uwasahau: andikeni siku hiyohiyo kwamba mmeshindwa, tajeni kiasi kilichobaki, na mmgawie kila mtu fungu lake.