KONA YA KIINGEREZA: Neno la mwezi huu ni "keen"

Mwezi huu tumechagua neno fupi, herufi nne tu: "keen". Wanafunzi wa sekondari wanalikuta vitabuni, na vijana wanaoandika barua za kuomba kazi au nafasi ya masomo wanalipenda kweli. Basi tulijue vizuri, maana likikosewa linaweza kumpotosha mtu.

Tuanze na matamshi. Ivute ile sauti ya katikati: "kiin". Ukiikata inakuwa neno jingine, "kin", maana yake ndugu au jamaa. Hilo mnalikuta kwenye fomu: "next of kin", yaani ndugu wa karibu wa kupewa taarifa. Hapo andika jina la ndugu yako, usiandike kitu unachokitamani!

Sasa maana. Ya kwanza ni ukali, na hapa Kiswahili kinatusaidia. Upepo mkali wa baridi, kama ule wa usiku wa mwezi wa saba, ni "a keen wind". Macho makali ni "keen eyes". Mbwa ana pua kali, "a keen sense of smell". Nafasi moja ikigombewa na watu wengi, ushindani ni mkali, "keen competition". Hata kisu kikali kinaitwa "a keen knife", lakini hiyo ni lugha ya vitabu. Jikoni sema tu "a sharp knife".

Tukifika kwa mtu, njia zinaachana. "A keen teacher" si mwalimu mkali mwenye fimbo. Ni mwalimu anayeipenda kazi yake. "A keen pupil" ni mwanafunzi mwenye hamu na bidii. Kwa hiyo mama, mtoto akileta ripoti imeandikwa "He is a keen boy", usimgombeze. Amesifiwa huyo!

Kwa nini neno moja libebe ukali na hamu? Zamani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza waliliandika "cene", na lilimaanisha jasiri, tena mwenye akili. Ndugu yake wa Kijerumani, "kühn", mpaka leo maana yake ni jasiri. Ni kama neno letu "hodari": kuna hodari wa vita na hodari wa hesabu. Maana ya ukali na ya hamu zilikuja baadaye.

Sasa sarufi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kuwa sisi tunasema "hamu ya", mtu anaandika "keen of". Hapana. Shika njia mbili hizi:

1. "Keen on" ikifuatwa na jina la kitu au kitendo chenye "-ing": "I am keen on football." "She is keen on sewing."

2. "Keen to" ikifuatwa na kitendo kitupu: "We are keen to learn." Usiandike "keen to learning".

Angalieni pia nani anaongea. Waingereza wanalitumia sana neno hili. Wamarekani wengi husema zaidi "eager", au "I really want to", kwa hiyo ndugu zetu waliohamia Marekani hawatalisikia mara nyingi. Na waliopita Kenya wamezoea mwalimu akisema "Be keen!", yaani kuwa makini. Kule inaeleweka, lakini Mwingereza ukimwambia hivyo anaweza kujiuliza, hamu ya nini tena?

La kuangalia zaidi ni pale linapokuja na "not". Mwingereza akisema "I'm not keen", mara nyingi ni adabu tu, ndani yake kuna "sitaki". Tuseme daktari mgeni anakuambia: "I'm not keen on stopping the medicine now." Hakusema dawa iachwe. Amesema hapendi iachwe sasa. Mzazi akishika lile neno "stopping" peke yake, akaenda nyumbani akaacha kumpa mtoto dawa, hatari imeingia. Ukisikia "not keen", usione aibu kuuliza: "Do you mean yes or no?" Na kama kuna mkalimani, mwite.

Mwisho, zile barua. "I am keen to study nursing" ni sentensi nzuri, haina kosa. Ila msomaji wa barua ana nyingine mezani, na nyingi zinasema hivyo hivyo. Hamu haionekani kwa macho mpaka uionyeshe. Ongeza sentensi moja ya kweli: "Every Saturday I help at the health post." Kama hujafanya hilo, tafuta ulichofanya kweli: uliwafundisha wadogo zako kusoma, ulimwangalia bibi mgonjwa, ulipanda miti. Hilo ndilo linaloipa "keen" nguvu. Usitunge, maana ukiitwa utaulizwa.

ZOEZI LA FAMILIA. Jioni, anayejua awasomee wengine, na kila mtu ajibu:

1. My sister is keen ___ cook.
2. My father is keen ___ farming.
3. "Grandfather has keen eyes." Babu ana nini?

Halafu kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, atunge sentensi yake moja inayoanza "I am keen", na aseme amefanya nini kuhusu hamu hiyo.

Majibu: 1. to. 2. on. 3. Babu ana macho makali, anaona vizuri.

Tukutane mwezi ujao na neno jingine. Someni vizuri!

Walimu wenu wa kujitolea