Mizani ya Mpemba na Maji Mafu ya Kilwa

Nilistaafu ualimu nikiwa nimeiona bahari mara mbili tu maishani, mara zote mbili nikiwa juu ya kivuko cha Kigamboni, nimebanwa na magunia. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 niliwafundisha vijana wa sekondari mashairi yaliyojaa nanga, matanga na manahodha, na niliyafundisha kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya jahazi. Nilikuwa na stashahada ya chuo cha ualimu, kamusi na chaki. Julai iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 66, nilifunga begi nyuma ya pikipiki yangu, nikaaga nyumbani Chapwa, nikaenda kuitazama bahari niliyokuwa nikiisomesha. Wanangu walisema mzee amechanganyikiwa. Mama yao alisema tu nisiendeshe usiku.

Ya bara sitayasimulia: Mbeya, Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, siku 5 za baridi na maumivu ya kiuno. Ninayotaka kuwaeleza wapenzi wa ushairi yanaanza Mikindani na kuishia Kilwa. Nilikuwa peke yangu siku zote hizo, na upweke wa pikipiki una faida yake: hakuna wa kukutafsiria unachokiona.

Nilifika Mikindani mwezi ukiwa mpevu. Asubuhi bahari ilikuwa imekimbia mbali mno na ukingo wake, na kina mama walikuwa wameinama kule kwenye miamba wakitafuta pweza. Nilimuuliza mmoja aliyekuwa akirudi na ndoo kama hali ni hiyo kila siku. “Hapana, babu, hili ni bamvua. Ukija wiki ijayo hutatembea pale.” Bamvua! Neno hilo nililiandika ubaoni miaka mingi, na mbele yake nikaandika “maji kujaa sana”. Nusu ya maana niliiacha. Katika bamvua maji hujaa sana na hupwa sana, na kwa mama yule kule kupwa ndiko kunakoleta kitoweo.

Njiani kuelekea Lindi nilisimama kunywa chai karibu na mashamba ya chumvi. Muuza chai akaniuliza nitokako. Nikamjibu kwamba natoka Chapwa. Alicheka hadi akaweka birika chini. Wasomaji wa hapa wanajua kwamba kitu chapwa ni kitu kisicho na ladha, kisichokolea chumvi. Sisi wa huku tukilitaja jina la kwetu hatufikirii maana hiyo hata kidogo. “Basi, mzee wangu, umeifuata chumvi kwenyewe,” akasema, na chai ile hakuidai.

Lindi nilikaa siku 3 kwa ajili ya mgongo. Ndiko alikotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Nilikaa jioni nikitazama mashua zikivuka ghuba kwenda Kitunda, nikawaza jambo ambalo darasani halikunijia: mtu yule wa pwani alipotunga, alitunga habari za vita vilivyopiganwa katika nchi yake, na watu wa zama zake ndio waliojaa katika beti zake.

Kutoka Lindi kwenda Nangurukuru upepo wa kusi ulikuwa mgongoni mwangu. Pikipiki ikisukumwa na upepo huwa nyepesi, na nilipopunguza mwendo moshi wangu mwenyewe ulinitangulia. Nangurukuru nikakata kona kurudi kusini kuelekea Kilwa Masoko, na upepo uleule ukanipiga kifuani mpaka nikalala juu ya tangi la mafuta. Nilipofika gatini nilimweleza nahodha mmoja wa makamo jinsi nilivyohangaika. Akasema, “Umebisha, mwalimu. Chombo kikienda kinyume na upepo, tunasema kinabisha.” Mimi kubisha nilikujua kwa wanafunzi watundu na kwa wageni mlangoni.

Nahodha huyo ndiye aliyenivusha kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Magofu yana waandishi wake; mimi naandika kuhusu neno moja. Nilimuuliza kama tungewahi maji. Akanijibu bila kugeuka, “Hakuna haraka. Leo maji mafu.” Nikatazama: mawimbi yalikuwa yanaruka na kutulowesha. Nikamwambia maji haya mbona yana uhai? Ndipo aliponieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza, kwamba maji mafu ni siku za nusu mwezi, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Hayahusiani na mawimbi. Upepo waweza kuvuma hata tanga likachanika, na maji yakawa mafu.

Nilinyamaza hadi tulipofika. Neno hilo lilikuwamo katika shairi nililolifundisha miaka kadhaa, nami niliwaambia vijana kuwa maji mafu ni bahari iliyotulia kama maji ya mtungini, na kwamba mshairi anazungumzia utulivu wa moyo. Waliandika hivyo katika mitihani, nami nikawapa alama.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi Kilwa. Kuna binti mmoja niliyemfundisha, miaka mingi iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja. Babaye alikuwa dereva wa malori yaendayo Zambia. Alitunga shairi la baba aliyekwama kwenye foleni ya mpakani siku nyingi, analala chini ya tela, utingo wake anachemsha ugali kando ya gurudumu, turubai linapigwa na mvua. Na katika ubeti mmoja alilichezea neno mizani: mizani ya Mpemba, pale malori yapimwapo uzito kabla ya kufika Tunduma (nasema Mpemba ya kwetu, wala sio Mpemba wa kisiwani), na mizani ya mshororo. Lori lilizidi uzito, na mshororo ule nao akauzidisha silabi kwa makusudi. Mimi nikaukata kwa kalamu nyekundu. Nikamwandikia pembeni kuwa turubai na tela si lugha ya ushairi, na kwamba baba anayesafiri angefananishwa na nahodha, foleni na dhoruba. Alikuwa mtoto mtiifu. Akabadilisha yote. Shairi la pili lilikuwa na nahodha, dhoruba, vina safi na mizani kamili, likabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na lilikuwa limekufa.

Kwa muda mrefu tumegombana kuhusu vina na mizani, hasa tangu miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa *Kichomi*. Hatukugombana vya kutosha kuhusu mahali yanakotoka mambo yanayotajwa ndani ya shairi. Tumekubali kimyakimya kwamba pwani ndiyo ghala, na bara ni wa kwenda kuazima. Hasara ni mbili. Maneno ya bahari, yakipita mikononi mwa walimu kama mimi, yanapoteza ukali wake na kubaki mapambo; bamvua inakuwa “maji mengi” na maji mafu yanakuwa “utulivu”. Na maneno ya kwetu hayaingii kabisa. Tunduma inaishi kwa forodha, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Iweje basi forodha ya pwani izae mshairi, na ya kwetu izae foleni tu?

Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili ni cha wote, na kwamba bahari ya mshairi iko moyoni. Sikatai. Mshairi wa Ileje akitaka nanga, na achukue nanga. Ninachodai ni kwamba ailipie: amuulize mvuvi, ajue uzito wake, ajue hushushwa wapi na huparaza lini. Na mwalimu asiye na muda wa kuuliza aache kukata kwa kalamu nyekundu neno asilolipenda kwa sababu tu linanuka dizeli.

Tangu nirudi nimekuwa nikienda Mpemba jioni, pikipiki ikiniruhusu, kuwasikiliza madereva na matingo. Nina daftari la maneno yao, na limekaribia kujaa. Lile shairi la kwanza la binti yule sikulihifadhi, na sikumbuki mshororo hata mmoja mzima isipokuwa ule uliozidi. Yeye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kama anasoma hapa, na kama karatasi ile bado anayo, naomba anitumie, pamoja na alama zangu nyekundu.