Kutua Kabla ya Kutwika: Maoni Juu ya Kufundisha Unyanyuaji wa Vyuma

Wanachuo wengi, wa kiume na siku hizi wa kike pia, hupenda kunyanyua vyuma saa za jioni. Hapa Miyuji, kama ilivyo mahali pengi nchini, vyuma hivyo si vya dukani. Ni makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa kipande cha bomba la maji. Benchi nalo ni ubao mnene uliopigiliwa juu ya magogo. Hatuna la kubeza hapo. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, walimu wa nchi hii wamehimizwa kutumia vitu vinavyowazunguka, na chuma cha zege ni zana halali kama zilivyo hesabu za vizibo vya soda. Ila kizibo hakijapata kumwangukia mtu usoni.

Wako wakufunzi wenzetu wanaoona kwamba dawa ni kupiga marufuku. Hatukubaliani nao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa juma. Licha ya hayo, marufuku huvihamishia vyuma nyuma ya bweni, mahali ambapo mkufunzi hafiki. Tunalolilalamikia sisi ni jambo la mbinu: zoezi la kusukuma vyuma kutoka kifuani hufundishwa kuanzia katikati.

Mtazameni yeyote anayemwonyesha mwenzake. Hulala chali juu ya benchi, na kabla mtazamaji hajatambua lolote, vyuma viwili viko juu na mikono imenyooka. Kisha huanza maelezo. Vyuma vilifikaje huko? Vitarudije chini? Hayo huachwa, na ndiyo yenye madhara. Chuma kirefu cha kushikwa kwa mikono miwili huweza kutengenezewa nguzo za kukipokea. Vyuma vya mkono havina nguzo. Kila mkono una mzigo wake, na kila mzigo waweza kushika njia yake.

Wanaochota maji wanalijua jambo hili kuliko sisi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Msichana anayekwenda bombani hutafuta wa kumtwika, na akifika nyumbani huita mtu wa kumtua. Lugha yetu imeyatengea mambo hayo vitenzi viwili, kutwika na kutua, na safari iko katikati yake. Kwa nini basi uwanjani tufundishe safari peke yake?

Rai yetu ni kwamba somo la kwanza liwe la kutua. Wanachuo watumie chupa za maji za lita moja na nusu, si vyuma. Mwanafunzi aliyelala chali ateremshe chupa polepole mpaka karibu na mabega, ageuze viganja vitazamane, kisha akunje magoti na kuyainua mpaka mapaja yakutane na chupa. Miguu inaposhuka, uzito wake umsaidie kuinuka na kuketi, mzigo ukiwa umeegemea mapajani. Ndipo aweke chini mkono mmoja, halafu wa pili. Jambo la kukataza kwa nguvu zote ni kutanua mikono pembeni na kuviachia vyuma vianguke. Bega huvutwa nyuma kupita kiasi chake, na zege linalopiga sakafu hupasuka, mara nyingine juu ya vidole vya mtu.

Somo la pili ni kutwika, nalo ni lile lile likirudishwa nyuma. Mwanafunzi huchuchumaa, huinua vyuma akiwa amenyoosha mgongo, huketi mwisho wa benchi na kuvisimamisha juu ya mapaja karibu na magoti. Anapoegemea nyuma, goti moja baada ya jingine husukuma chuma chake kuelekea begani. Asilale kwanza kisha akajipinda kukiokota sakafuni.

Kusukuma kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Nyayo zikanyage chini, mabega yakazwe nyuma, kidole gumba kilizunguke bomba, kifundo cha mkono kisimame wima juu ya kiwiko. Viwiko visitanuliwe mraba na kiwiliwili. Nusu ya hapo, yaani kama nyuzi 45, yatosha. Pumzi itolewe wakati wa kusukuma, isizuiliwe.

Tunaambiwa kwamba vijana watachoshwa na masomo mawili bila chuma. Huenda. Nasi twauliza, ni somo gani la ufundi ambalo mwanafunzi hupewa msumeno siku ya kwanza?

Sasa tuseme juu ya uzito wenyewe, maana hapa pana uzembe mwingi. Wanachuo huita chuma "kikubwa" au "kidogo", basi. Lita moja ya zege lililokauka ina uzito wa karibu kilo 2.4. Kopo la rangi la lita 4 lina basi kilo 9.6, na makopo mawili kilo 19.2. Ongeza bomba, na kila mkono umebeba kama kilo 20. Mikono miwili kilo 40, pungufu ya mfuko wa saruji kwa kilo 10 tu. Hesabu hiyo yafaa hata darasa la sita. Lakini hesabu haitoshi, kwa kuwa kopo moja hujazwa kokoto na jingine mchanga, na jozi ikawa si jozi. Ipelekwe kwenye mizani ya duka, na uzito uandikwe kwa rangi. Bomba lipitishiwe misumari minene ndani ya zege ili kopo lisichomoke, na mahali pa kushika pafungwe mpira wa baiskeli usioteleza. Zege huhitaji kama siku 28 kupata nguvu yake, nalo litunzwe na unyevu siku za mwanzo. Jua la Dodoma hulikausha kabla halijakomaa.

Msaidizi ni lazima vyuma vikiwa vizito. Apige magoti nyuma ya kichwa cha mwenzake, mikono yake ikiwa karibu na vifundo vya mikono ya anayesukuma. Akishika viwiko, mikono yaweza kukunjika na chuma kikashukia uso. Wengine wote wanyamaze. Wale wanaozunguka benchi wakipiga kelele "Moja tena!" ndio tunaowaogopa kuliko zege, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayejua kiasi cha nguvu iliyobaki ni yule aliyelala, naye aache angali na uwezo wa kusukuma mara mbili zaidi. Nguvu hiyo ni akiba ya kutua. Aliyeimaliza yote juu hana budi kuviachia vyuma vianguke.

Mwanachuo wa leo atapangiwa shule, na watoto wa darasa la tano watamwona akifanya mazoezi nyumbani kwake. Watamwiga kwa mawe na matofali asipokuwapo. Avifungie vyuma vyake, na wao awape pushapu, ambayo mzigo wake ni mwili wa mtoto mwenyewe. Hata huko aanze na kushuka polepole, magoti yakiwa chini kwa walio dhaifu. Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, tunawaomba wakufunzi wenzetu wanaokagua andalio la somo la viungo watazame kwanza kama hatua ya kutua imeandikwa, na imepewa dakika ngapi.